Maboga, Matuta na Ardhi ya Usambara

Mtu ashukaye kutoka milima ya Usambara hadi Magoma hupita katika nchi mbili: ya juu yenye ubaridi na migomba, na ya chini yenye joto na mahindi. Tangu kale Washambaa walilima mlimani na ukingoni mwa nyika, ili mvua ikikosekana upande mmoja wasife njaa. Maboga na mamumunye yalitambaa katikati ya mahindi. Mmumunye ni wa kale sana katika Afrika. Boga lilitoka Amerika, lakini limekuwa mwenyeji hata hakuna aliulizaye kwao.

Tusiudharau mtambao huo. Tone la masika liangukapo juu ya udongo mtupu huutawanya, na penye mteremko maji huuchukua. Likiangukia jani pana la boga, nguvu yake huvunjika. Kwa hiyo wakati wa kupanda ndio neno kubwa: mbegu ikitiwa ardhini mvua za mwanzo ziingiapo, majani hutangulia kufunika, ikicheleweshwa, mvua kubwa huukuta udongo u uchi. Nafasi nayo ina hesabu yake. Mashina yakisongamana, ardhi hufunikwa upesi, lakini hugombea maji na mwanga, ukungu hushika majani, na matunda huwa madogo. Yakitengwa mno, boga hunenepa, na udongo hukaa wazi kwa muda mrefu. Atakaye mboga ya majani hupanda kwa wingi kisha hupunguza kwa kuchuma. Atakaye kibuyu kikubwa cha maji huacha mashina machache.

Serikali ya kikoloni haikuwa na subira na hesabu za namna hii. Mwaka 1946 ilianzisha mpango wa kuhifadhi bonde la Mlalo, ambao baadaye ulienezwa kwingine mlimani. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta yaliyofungwa, na asiyetii aliadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Hilo hatuwanyimi wataalamu wale. Ila mzigo uliwaangukia walioshika jembe la chakula, ambao wengi walikuwa wanawake, na tuta jipya ni udongo uliofukuliwa usio na jani hata moja juu yake.

Washambaa walikuwa na maneno yao ya kupimia utawala: *kuzifya shi*, yaani kuiponya nchi, na *kubana shi*, yaani kuidhuru. Machoni pa wengi, mtawala aliyesimamia matuta alihesabiwa miongoni mwa waidhuruo. Upinzani huo ukakutana na siasa za TANU, iliyoundwa mwaka 1954, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa.

Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi. Safari hii wakulima walihimizwa kupanda miti na safu za majani ya malisho kukingama mteremko. Ardhi ikakingwa tena kwa mmea ulio hai, na ng'ombe wakapata chakula chao humo humo.