Kibarua wa Kudumu: Kisa cha Microsoft na Watu wa Beji Tofauti

Leo tusome historia kidogo. Tangu niache ajira ya kudumu nianze kuandika programu kwa kandarasi, swali ninaloulizwa sana halihusu programu. Watu wananiuliza: wewe unaonekana kwa mteja kila asubuhi kama wafanyakazi wake, sasa unasemaje hujaajiriwa? Msicheke. Swali hilohilo liliigharimu Microsoft dola milioni 97.

Miaka ya 1980 Microsoft ilikuwa inakua mbio kule Redmond, jimbo la Washington. Machi 1986 ikaingia soko la hisa. Kazi zilizidi watu, kwa hivyo kampuni ikachukua watu wa kujitegemea wa kujaribu programu, kusoma prufu, kuhariri na kupanga faharasa za vitabu vya maelezo. Hao walitia saini karatasi inayosema kwamba wao ni wanakandarasi huru, na kwamba kodi, bima na marupurupu ni juu yao wenyewe.

Sasa angalia siku yao ilivyokwenda. Walifungua milango kwa kadi za kampuni, wakakaa katika timu moja na walioajiriwa, chini ya wasimamizi walewale, kwa saa zilezile, wakitumia vifaa vya kampuni. Tofauti yao ilikuwa beji ya rangi nyingine na anwani ya barua pepe ya namna nyingine. Sherehe za kampuni hawakualikwa. Na pesa hawakulipwa na idara ya mishahara. Walipeleka ankara kwa idara inayowalipa wauzaji, sawa na mtu aliyeleta katoni za karatasi.

Hapa Kiswahili kilishatangulia zamani. Neno "kibarua" lilitoka kwa "barua": kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi za siku ili akionyeshe wakati wa malipo. Wamarekani nao waliwabandika watu hawa jina lililounganisha "kudumu" na "muda" katika neno moja. Mimi nawaita vibarua wa kudumu.

Mwaka 1989 na 1990 IRS, ambayo ndiyo KRA yao, ilikagua mpango huo. Haikushughulika sana na karatasi. Ilitazama nani anaamua kazi ifanywe vipi, ikaona ni Microsoft, basi ikasema hawa ni waajiriwa na kodi zao zilipaswa kukatwa na mwajiri. Kampuni ikawapa baadhi yao ajira ya kudumu. Wengine wakaambiwa wahamie kwa wakala wa wafanyakazi wa muda au waache.

Ndipo Donna Vizcaino na wenzake wakaenda mahakamani mwaka 1992. Kama sisi ni waajiriwa mbele ya mtoza kodi, walisema, basi tupeni na vya waajiriwa. Walichokitaka zaidi ni mpango wa hisa, ambapo mwajiriwa alinunua hisa za kampuni kwa asilimia 85 ya bei ya soko. Piga hesabu: hisa ya dola 100 unaipata kwa 85, na hizo ni hisa za Microsoft katika miaka ya 1990! Mwaka 1997 mahakama ya rufaa iliamua kwamba jina lililoandikwa kwenye mkataba halimnyimi mtu haki hiyo ikiwa kazi yenyewe ni ya mwajiriwa. Desemba 2000 pande zote zikakubaliana dola milioni 97, zigawiwe maelfu ya watu.

Nafurahi walishinda. Lakini kilichofuata hakikuwa kitamu kwa wote. Kuanzia mwaka 2000 Microsoft iliweka sheria kwamba mtu wa muda akimaliza miezi 12 lazima akae nje siku 100. Aliyependa maisha ya kandarasi akajikuta na likizo ya lazima, isiyo na malipo.

Waingereza walikuwa na yao, IR35, iliyotangazwa Machi 1999 na kuanza Aprili 2000. (Jina lenyewe ni namba ya taarifa ya ofisi ya kodi kwa magazeti. Hakuna aliyejisumbua kutafuta zuri zaidi.) Swali ni lilelile: ukiondoa kampuni yako ndogo iliyo katikati, je, wewe si mwajiriwa wa mteja? Tangu 2021, mteja mkubwa au wa kati wa sekta binafsi ndiye anayeamua jibu.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Mwanakandarasi hapati hata moja, na mteja hukata asilimia 5 ya ada yake na kuipeleka KRA. Kwa hivyo mkataba wangu unataja kazi itakayokamilika badala ya saa za kukaa kitini, kompyuta ni yangu, na nina mteja zaidi ya mmoja.

Bei nayo naipanga kwa siku. Mwaka una siku za kazi 261 hivi. Toa 21 za likizo, toa sikukuu kama 12, zinabaki 228. Aliyekuwa akipata shilingi 100,000 kwa mwezi akigawa kwa 261 atadai 4,598 kwa siku, na atapunjika. Akigawa kwa 228 ni 5,263. Na hapo hatujagusa bima ya matibabu, kompyuta ikiharibika, wala zile wiki ambazo simu hailii kabisa.