Silsila ya Umiliki

Katika katalogi ya maktaba kubwa au ya nyumba ya mnada, maelezo ya mswada wa kale huanza na tarehe, vipimo na idadi ya kurasa. Kisha hufuata aya ndefu ya majina ya watu: malkia, mrithi wake, mtawa, mfanyabiashara, jumba la makumbusho. Wataalamu wa Ulaya aya hiyo huiita provenansi, neno lenye mzizi wa Kilatini unaomaanisha kutokea mahali. Kwa Kiswahili wapo wanaoandika "asili" au "chimbuko", na wapo wanaoandika "historia ya umiliki". Mimi naona neno linalofaa ni silsila, kwa ukamilifu wake silsila ya umiliki.

"Asili" hutaja pale kitu kilipoanzia, basi. Provenansi haikomei hapo. Hukifuata kitabu mkono kwa mkono mpaka leo, na hutaka kila mkono uthibitishwe. Ndivyo silsila ilivyo katika Kiswahili: ni ukoo unaohesabiwa baba kwa mwana, au orodha ya mashekhe wa tarika, ambamo akikosekana mmoja wa katikati, dai la wote waliomfuata hutiliwa shaka. "Historia ya umiliki" si kosa, lakini haina ukali huo.

Ukali huo unahitajika zaidi kwa miswada ya enzi za kati yenye nakshi za dhahabu. Iliandikwa juu ya ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi. Dhahabu ilifuliwa mpaka ikawa nyembamba sana, ikabandikwa juu ya tabaka la chokaa laini na gundi, kisha ikasuguliwa kwa jiwe gumu au jino la mnyama hata ikang'aa. Jina la Kilatini la kazi hii linatokana na nuru, maana ukurasa ukigeuzwa mbele ya mshumaa hurudisha mwanga. Lakini nakshi hizo zina kazi ya pili, na ndiyo inayonivutia kuliko uzuri wake: ndizo shahidi wa kwanza wa umiliki. Tajiri aliyegharimia kitabu alitaka aonekane ndani yake. Mchoraji akaweka nembo ya ukoo wake pambizoni, au mnyama aliyemchagua kuwa alama yake, au sura yake mwenyewe akiwa amepiga magoti. Mmiliki aliyekuja baadaye pengine aliikwangua nembo ile akachora yake juu. Siku hizi ukurasa huwekwa chini ya miali ya urujuanimno, na maandishi yaliyofutwa mara nyingi husomeka tena.

Mfano ulio wazi mno ni kitabu cha sala kiitwacho Très Riches Heures, kilichoanza kuchorwa kati ya 1411 na 1416 na ndugu watatu, Paul, Jean na Herman de Limbourg. Kilikuwa cha Jean de Berry, mwana wa mfalme wa Ufaransa. Katika mchoro wa mwezi wa Januari mwenyewe ameketi mezani, na kitambaa kilicho juu ya meko kimejaa mayungiyungi ya ukoo wa kifalme, dubu na batamaji, alama zake binafsi. Mwaka 1416 bwana huyo alifariki, na ndugu watatu wakafariki mwaka huohuo, kitabu kikiwa hakijakamilika. Takriban miaka 70 baadaye Charles, mtawala wa Savoy, alimpa Jean Colombe kazi ya kukimalizia, na Colombe akamchora Charles na mkewe wakisali. Jalada lilitengenezwa karne ya 18, likatiwa nembo za koo mbili za Genova, Spinola na Serra. Mwaka 1856 kikanunuliwa na Henri d'Orléans, mwana wa mfalme Louis-Philippe, naye alikabidhi hazina zake kwa Institut de France kwa sharti kwamba zisitoke Chantilly, na kitabu kiko huko hadi leo. Angalia jinsi wamiliki hawa wengi walivyosomwa kwenye kitabu chenyewe. Hati ikaja kuthibitisha: katika miaka ya 1880 msomi Léopold Delisle alikilinganisha na orodha ya mali iliyoandikwa baada ya kifo cha mwenyewe wa kwanza, akakuta mle mafungu ya kurasa ambayo hayajajalidiwa, kazi ya "Paul na ndugu zake".

Tukishakubali silsila, maneno mengine yanakuja yenyewe. Kila mmiliki ni kiungo. Nembo, sahihi na muhuri ni alama za milki. Pasipo na ushahidi pana pengo, na kwa majumba ya makumbusho pengo linaloogopwa zaidi ni la kati ya 1933 na 1945, enzi ya Wanazi. Kitabu kidogo cha sala cha malkia Jeanne d'Evreux, alichokichora Jean Pucelle miaka ya 1324 hadi 1328, kiliporwa na Wanazi kutoka kwa familia ya Rothschild huko Ufaransa. Kilirudishwa baada ya vita, na mwaka 1954 kikanunuliwa na Metropolitan Museum ya New York. Mwaka 1998 wajumbe wa nchi 44 walikubaliana mjini Washington kanuni za kushughulikia sanaa iliyoporwa namna hiyo. Tangu hapo silsila si pambo la katalogi tena.

Waandishi wa pwani yetu wanalifahamu jambo hili kwa njia yao. Mnakili wa msahafu au utenzi aliweza kumalizia kwa tamati yenye jina lake na tarehe ya Hijria, na kitabu kilichowekwa wakfu kikaandikwa hivyo ili kisiuzwe. Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, inajulikana kwa nakshi zake za rangi. Kwa hiyo maneno wakfu, milki na tamati hayahitaji kubuniwa. Yamekuwa yakiandikwa kwenye vitabu vyetu.

Waarmenia nao wana neno lao, hishatakaran, yaani ukumbusho: maelezo ya mnakili mwishoni mwa mswada yanayotaja aliyeuagiza, mahali na nyakati, na kuomba dua. Wamiliki wa baadaye waliongeza yao, hata wakasimulia kitabu kilivyotekwa na kukombolewa kama mtu. Pana kisa kimoja chao kinachoonyesha kwa nini nashikilia neno silsila.

Mwaka 1256, huko Hromkla kando ya mto Furati, Toros Roslin alikamilisha Injili kwa ajili ya Constantine wa Kwanza, mkuu wa Kanisa la Armenia. Mwanzoni mwa kitabu hicho palikuwa na majedwali ya kulinganisha habari za Injili nne, yamezungushiwa nguzo, matao na ndege, dhahabu tele. Baadaye Injili hiyo ilitunzwa katika mji wa milimani wa Zeytun. Yalipoanza mauaji ya kimbari ya Waarmenia mwaka 1915, kitabu kiliondoka Zeytun kikafika Marash, na katika vurugu za miaka hiyo kurasa za majedwali zilitengana nacho. Kitabu hatimaye kilifika Yerevan, katika hazina ya Matenadaran. Kurasa zilivuka bahari hadi Marekani, na mwaka 1994 Jumba la Makumbusho la J. Paul Getty likazinunua.

Ukitumia "asili", kurasa hizo hazina tatizo lolote: zimetoka Hromkla, kazi ya Roslin, 1256. Ni silsila inayouliza nani alizitoa kitabuni, na kwa ruhusa ya nani. Kanisa la Armenia lilipeleka swali hilo mahakamani huko Los Angeles mwaka 2010. Mwaka 2015 pande mbili zilipatana: jumba likakiri kwamba kurasa ni mali ya Kanisa, na Kanisa likalikabidhi jumba kurasa hizo kuwa hiba.