Herufi K Kandokando ya Ziwa Mweru: Alama za Sarafu Zilizokoma na Usimbaji Wake

Tarehe 16 Januari 1968 Zambia iliacha pauni ikaanza kutumia kwacha, kwacha mbili kwa pauni moja. Alama ya £ ikatoka katika hesabu za Kashikishi, lakini katika kompyuta ina nafasi yake, U+00A3, kwa kuwa Uingereza ingali inaitumia. Mkwaju wa shilingi na d ya peni havikupata bahati hiyo. Husimbwa kama mkwaju na herufi nyingine yoyote.

Makala haya yanahusu alama iliyokoma bila kuonekana kuwa imekoma. Kwacha ilifupishwa K, herufi ya kawaida, U+004B. Ng'ambo ya ziwa, Kongo ilikuwa imeanzisha zaire mwaka 1967, yenye makuta 100, na makuta nayo yakafupishwa K. Aliyeuza samaki Nchelenge na Kilwa ya Kongo alikuwa na K mbili. Yeye hakutatizika, kwani fedha yenyewe ilikuwa mkononi. Anayetatizika ni mtafiti anayeingiza daftari la wakati huo katika kongoo ya kidijitali.

Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilipunguza sifuri tatu: kwacha 1,000 za zamani zikawa moja. Noti za zamani na mpya zilitumika pamoja hadi 30 Juni, na katika miezi hiyo sita kwacha mpya iliandikwa KR. Ni maisha mafupi kwa alama ya sarafu, mara mbili tu ya muda ambao uvuvi hufungwa ziwani, Desemba hadi Februari. Kisha K ikarejea, ikiwa na umbo lilelile, msimbo uleule na thamani nyingine.

Shirika la viwango la ISO lilibadilisha ZMK kuwa ZMW, ila misimbo hiyo ni ya mabenki. Kwenye kibao cha bei sokoni haimo. Kwa hiyo K50,000 ya 2012 na K50 ya 2013 ni bei moja, na programu ya kutafuta maneno itazihesabu kuwa mbili zinazotofautiana mara elfu.

Tunapendekeza mnakili aache K kama ilivyoandikwa, kisha aambatishe lebo: ZMK au ZMW. Kwa makuta kazi ni ngumu zaidi, maana ZRZ hutaja zaire, si sehemu zake. Hapo 50 K ibaki katika matini, na lebo isomeke ZRZ 0.50.