Ukoo wa Mama na Urithi wa Baba

Kwa Wabemba na Walamba, ambao wengi walikuja kutafuta kazi Likasi, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Hata Chitimukulu, mfalme wa Wabemba, hurithiwa na ndugu yake au mpwa wake. Zamani, mtu akifa, mali yake ilirudi kwa ukoo wake. Nao watoto wake walipokelewa na mjomba wao.

Kuanzia miaka ya 1920, Union Minière iliwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Mjomba akabaki mbali kijijini, lakini wadai urithi walifika. Sheria ya Jamaa ya 1987 imewapa watoto robo tatu za urithi. Twaona ni haki: anayebeba mali na kuwaacha yatima ameshika nusu tu ya desturi.