Umumunyifu

umumunyifu *nm* [u-] 1 sifa ya kitu kuweza kumumunyika katika kioevu. 2 (kemia) kiasi cha juu cha kitu kinachoweza kumumunyika katika kiasi maalumu cha kioevu kwenye jotoridi fulani.

Unyambuaji. *Mumunya* ni kula kitu kwa kukifyonza kinywani bila kukitafuna, kama mtoto afanyavyo peremende. Humo hutoka *mumunyika*, *mumunyifu*, *umumunyifu* na *mmumunyo*.

Ufafanuzi. Mfano mzuri upo katika kinamasi cha Bahi, mkoani Dodoma. Maji ya mto Bubu huingia humo yasipate njia ya kutokea. Jua huyakausha, nayo chumvi husalia juu ya udongo. Tangu zamani Wagogo hukwangua udongo huo wakati wa kiangazi, huutia katika chombo chenye matundu, huumwagia maji, kisha huyachemsha maji yaliyochujika.

Umumunyifu hutenda kazi hapo mara mbili. Kwanza, chumvi humumunyika ilhali mchanga haumumunyiki. Pili, chumvi zenyewe hazilingani: katika nyuzi 20 za Selsiasi, gramu 100 za maji humumunyisha takriban gramu 36 za chumvi ya kula, lakini jasi haifiki hata nusu gramu. Kwa hiyo, pale zilipochanganyika, maji yanapopungua jasi hutangulia kutuama, chumvi ya kula hufuata, na chumvi chungu za magnesiamu hubaki katika maji ya mwisho. Anayeyamwaga maji hayo hupata chumvi safi zaidi. Anayekausha hadi tone la mwisho huzirudisha zote pamoja.

Tanbihi. Katika mazungumzo husemwa *chumvi imeyeyuka majini*, na msikilizaji huelewa. Katika maandishi ya sayansi yafaa kutofautisha. *Kuyeyuka* ni yabisi kugeuka kioevu kwa joto: chumvi ya kula huyeyuka kwenye nyuzi 801, joto lisilofikiwa na maji yachemkayo. *Kumumunyika* huhitaji kioevu cha kuipokea. Mwanafunzi aliyeandikiwa “yeyusha chumvi” hawezi kujua kama atafute maji au tanuri.

Mifano
- Umumunyifu wa chumvi ya kula huongezeka kidogo tu maji yanapopashwa moto.
- Tofauti ya umumunyifu ndiyo iliyowezesha chumvi hizo kutenganishwa.

Taz. pia: *chuja, fuwele, jasi, magadi, mashapo*