Kengele ya Bagamoyo na Kudumu Katika Sala

Walimu na Wakristo wenzangu, mara nyingi twasikia watu wakisema, "Sala zangu zimekuwa mazoea tu; midomo yasema, moyo umelala." Shida hii si ya leo. Na tutazame habari za wazee wetu, maana zina mafundisho.

Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wakikaa Unguja, walivuka bahari wakaanzisha misioni Bagamoyo. Wakapokea watoto na watu wazima waliokombolewa katika utumwa, na waliooana wakapewa makao katika kijiji cha Wakristo. Siku ya kijiji iligawanywa kwa kengele: sala ya asubuhi, kazi ya shamba, mafundisho, sala ya jioni. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa vivyo hivyo.

Tusidhani ya kuwa jambo hili lilikuwa jepesi. Watu wale walikuwa wametumikishwa kwa amri ya mabwana, na sasa kengele nayo yawaita kila siku. Wengine walichoka na amri za kijiji wakaondoka. Hatuna haki ya kuwacheka. Kengele yaweza kumleta mtu kanisani, lakini kuomba ni juu yake mwenyewe.

Kisha yakaja majaribu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja na pwani. Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba kuu ikabomoa majengo ya misioni na kuangusha minazi. Lakini misioni haikuachwa, ilijengwa tena.

Na mwaka 1877 jamaa za Wakristo wa Bagamoyo zilitumwa bara, mpaka Mhonda katika milima ya Nguru, kuwa mwanzo wa misioni mpya. Basi fikirini, ndugu zangu: mtu aendaye safari kama ile huchukua nini? Kanisa la mawe halichukuliki. Kengele kubwa huachwa nyuma. Baba Yetu na Salamu Maria, alizozisema asubuhi na jioni mpaka akazijua kwa moyo, huenda naye hata porini. Hii ndiyo faida ya mazoea tunayoyadharau: hutuwekea akiba kwa siku ya njia ndefu.

Bandu bandu huisha gogo. Kwa hiyo, moyo ukiwa mkavu, usiache sala. Ifupishe kuliko kuiacha. Sema neno moja polepole, ukilifikiri. Mtaje mgonjwa mmoja, au jirani mmoja mwenye shida. Nanyi walimu, msitosheke watoto wakikariri tu. Waelezeni maana ya maneno, ili sala waliyopewa iwe yao wenyewe.

Mungu, aliyewatunza wazee wetu, atujalie kudumu mpaka mwisho.