Kauli na Hati: Ujiji na Kampuni ya Kijerumani, 1885–1896

Wafanyabiashara wa pwani waliofika Ujiji katika karne ya 19 hawakuwa na hati ya dola yoyote iwapayo nchi. Walikuwa na nguo, shanga na waya, vingi vikiwa vimekopwa Unguja kwa matajiri wa Kihindi ili vilipwe kwa pembe za ndovu. Lugha yetu imeuhifadhi utaratibu huo katika maneno mali kauli, yaani mali itolewayo kwa kuaminiana na kulipwa baadaye, kinyume cha mali kwa mali. Yafaa ieleweke kwamba mikopo mikubwa iliandikwa. Lakini karatasi ile iliwafunga walioiandika tu. Haikumfunga mvuvi wa Kigoma wala mkulima wa Uha.

Vivyo hivyo mamlaka ya mjini. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa Ujiji hata alipofariki mwaka 1885, alikaa kwa maelewano na watawala wa Wajiji. Sultani Barghash alimtambua kuwa mwakilishi wake, na bendera ya Unguja ikapepea kando ya ziwa.

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya kufungwa mkutano wa Berlin, Mfalme Wilhelm wa Kwanza aliitia sahihi hati ya kuilinda jumuiya ya Carl Peters. Hati ilizitaja Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, nchi ambazo Peters alidai kupewa na wenyeji katika Novemba na Desemba 1884. Kampuni ikapewa haki za utawala, pamoja na kuwahukumu wenyeji, mradi ibaki ya Kijerumani. Ujiji haikutajwa. Nchi hizo nne ziko karibu na pwani, na kutoka huko hata ziwani ni safari ya miezi kwa miguu. Hata hivyo ndiyo hati iliyoigusa Ujiji kuliko mkopo wowote wa Unguja, kwa kuwa iliwafunga watu ambao hawakuiona wala kuulizwa.

Barghash alipinga. Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, naye akakubali. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba milki yake barani ni ukanda wa maili 10 tu kutoka pwani. Kwa mstari huo bendera ya Ujiji ikakosa maana mbele ya mataifa ya Ulaya, ingawa mjini palepale hapakubadilika kitu: Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip, aliendelea na biashara yake pande zote mbili za ziwa.

Ajabu ni kwamba Kampuni yenyewe haikupata kuitawala Ujiji. Ilipokodi pwani kwa Sultani Khalifa mwaka 1888, watu waliinuka pamoja na Abushiri, nayo ikashindwa kuwazima. Dola ya Kijerumani ikalazimika kutuma askari. Tarehe 1 Januari 1891 utawala ukatoka mikononi mwa Kampuni ukaingia katika dola. Kituo cha kijeshi kilipowekwa Ujiji mwaka 1896, waliokuja walikuwa maofisa wa dola. Mwandishi huyu haoni kwamba kushindwa kule kuliifuta hati ya 1885: dola ilirithi madai yaliyojengwa juu yake.

Kwa wanafunzi wa lugha limebaki jambo dogo. Pesa za shaba zilizotolewa na Kampuni tangu mwaka 1890 zina tai na jina la Kijerumani upande mmoja. Upande wa pili, kwa herufi za Kiarabu, yameandikwa maneno yenye maana ya shirika la Ujerumani, na mwaka wa Hijra. Neno hilo latoka katika shina lilelile la kushiriki na ushirika. Rumaliza na Tippu Tip walikuwa washirika kwa maana yake ya asili: kila mmoja alitia fungu lake, akabeba hasara yake. Katika pesa ile neno limevishwa maana nyingine, ya chombo kilichopewa na mfalme wa mbali nchi isiyokuwa yake.